Nafasi Tupu Isiyokuwa Tupu

Jumatatu, 9 Juni

Siku ilianza vizuri, ikaharibika saa ya chai. Mama watoto alikaa mbele ya kompyuta, akabonyeza, akabonyeza tena, kisha akatangaza kwamba diski imejaa. Haina nafasi hata ya kuchomeka sindano.

Jambo lenyewe ni zito. Humo ndani mna sauti ya marehemu baba mkwe. Katika miezi yake ya mwisho mama watoto alikuwa akimrekodi kwa simu: anasimulia ujana wake, anaimba, anamteta daktari. Simu ilikufa, lakini sauti zilikuwa zimeshahamishiwa kwenye kompyuta. Nakala nyingine hakuna. Kila siku tulisema tutaziweka kwenye flashi kesho. Mama mkwe hajawahi kuzisikiliza, alisema moyo hauko tayari. Sasa amesema uko tayari. Anakuja Ijumaa, na Jumamosi tunakaa sote kumsikiliza mzee. Mama watoto anataka kuziunganisha ziwe simulizi moja refu, ndiyo maana anahitaji nafasi.

Akasema si tatizo. Kasha la kompyuta lina nafasi tupu pale juu, upande wa mbele, penye kifuniko kilicholegea. Kaka yake atakuja Jumatano kutia diski ya pili.

Nafasi ile si tupu.

Mna biskuti zangu. Za tangawizi. Daktari alinikataza vitu vitamu mwaka jana, na mama watoto aliichukua kauli hiyo kama amri ya jeshi. Hupekua droo, viatu, mifuko ya makoti, hata tairi la akiba. Kompyuta hajawahi kuigusa kwa nia hiyo. Unabandua kifuniko kwa kidole, unasukuma paketi ndani, unakirudisha. Kazi safi. Lalamiko langu ni moja tu: kiwanda cha biskuti kinatuibia. Paketi huisha kabla sijaanza kuzifaidi. Nimewahi kufikiria kuwaandikia barua kali.

Na sukari yangu inashuka, daktari mwenyewe alishangaa. Nilimwambia ni nidhamu.

Kwa hiyo nikasema, kwa sauti ya kiume, kwamba diski nitaitia mimi. Mama watoto alinitazama kama mtu aliyesema atajing'oa jino. Alinikumbusha habari ya bomba la jikoni. Nikamjibu bomba ni maji, hii ni elimu. Mwishoni akakubali, ila akaniambia taratibu kwamba sauti ya baba yake ikipotea, nisimtafute nimwombe radhi, kwa kuwa hatakuwa na neno la kunijibu.

Nikampigia shemeji kumwambia asijisumbue. Watu humwita Injinia, ingawa anachotengeneza ni simu. Akauliza kama nitanunua diski ndogo au kubwa. Nikasema ya kutosha.

Jumanne, 10 Juni

Nimenunua diski. Muuzaji aliuliza kama nyumbani nina waya wa kuunganishia, na skrubu, na vile vibao vya kushikilia diski isicheze. Nikainua bega kama mzoefu, nikasema vipo tele. Sikujua anazungumzia nini.

Mama watoto alibaki shuleni kwenye kikao cha walimu. Watoto wako bwenini. Nyumba yangu peke yangu. Nikachukua bisibisi nikafungua kasha. Upande usio wenyewe! Nikaona bati na migongo ya nyaya, nikafikiri nimeibiwa mashine. Nikafunga. Nikafungua upande wa pili.

Vumbi la miaka. Na sisimizi. Msafara kamili: wanatoka dirishani, wanashuka na mguu wa meza, wanaingia kwa kifuniko changu, wanatoka na chembe za biskuti vichwani. Hapo nikaelewa kila kitu. Kiwanda nimekisingizia bure, wezi ni hawa. Nikawafagia kwa brashi ya rangi. Mimi ni mtunza stoo wa kiwanda cha rangi, brashi sikosi.

Ushahidi ulipaswa kutoweka. Biskuti zilizosalimika nikazila nimesimama. Tabu ikawa kwenye mabaki. Pipa la taka mama watoto hulikagua. Lakini nikagundua nafasi ile ni pana kuliko diski, na diski ilikuwa inacheza ndani yake kama mguu wa mtoto kwenye kiatu cha baba. Nikalikunja boksi la biskuti mara kadhaa, nikalipachika pembeni. Diski ikakaa imara. Ganda la plastiki nikalisokota nikalisukumia nyuma yake. Ushahidi umetoweka na diski imetulia, kwa pigo moja. Sijui kwa nini watu humlipa fundi.

Mama watoto aliporudi nilikuwa nimeshafunga kasha, naimba. Akauliza nimekula nini. Nikasema hewa.

Jumatano, 11 Juni

Siku mbaya.

Asubuhi nilikumbuka kwamba diski kuwa ndani si sawa na diski kuunganishwa. Waya wa umeme wa ziada nikaupata ukining'inia. Waya wa pili, ule mwembamba wa kupitishia taarifa, haukuwemo. Kurudi kwa muuzaji haiwezekani, nilishamwambia vipo tele. Nikaona diski ya zamani inao. Nikauchomoa huo nikaipa diski mpya. Niliwaza kwamba ya zamani ipumzike kidogo, mgeni akaribishwe.

Nikawasha. Skrini nyeusi. Maneno meupe ya Kiingereza, mstari mmoja, yakisema hakuna diski ya kuanzia. Nikazima, nikawasha. Maneno yale yale. Nikalipigapiga kasha kwa kiganja, kwa upole, kisha bila upole. Maneno yale yale.

Nimeiua. Nimemfuta mzee.

Mama watoto akaingia na daftari za kusahihisha. Nikazima skrini haraka, nikamwambia mashine inaizoea diski mpya na haipaswi kusumbuliwa mpaka Ijumaa. Akanitazama. Yeye ni mwalimu wa darasa la tatu, uso wa mtu aliyevunja kitu anauona kila siku. Lakini hakuniuliza. Alikwenda jikoni.

Ningependelea aniulize. Nilimfuata baadaye nikamkuta anaosha vyombo, analia bila sauti. Akasema ameanza kusahau. Baba yake alikuwa akimwita Kijiko, kwa sababu utotoni alitembea na kijiko mkononi kutwa nzima. Jina analikumbuka, ila namna alivyokuwa akilivuta mwishoni imemtoka. Anajua kwamba imo ndani ya mashine, kwa hiyo hana wasiwasi, akasema. Hana wasiwasi kwa kuwa mashine ipo.

Niliona haya. Nikachukua kitambaa nikafuta sahani zote, hata zilizokuwa zimeshakauka. Nilitaka kumwambia. Mdomo ulifunguka, ukatoa habari za bei ya sabuni.

Alhamisi, 12 Juni

Nimepona! Naandika kwa mwandiko mkubwa.

Kiwandani tunaye mama wa mitambo, mwanamke mmoja mwenye miwani ya kamba, anayeangalia kompyuta zote za ofisi na kutudharau sote kwa usawa. Nilimwendea kwa mzunguko. Nikasema nina jirani. Jirani huyu, mtu asiye na akili nyingi, amechomoa waya kwenye diski ya zamani akautia kwenye mpya, na sasa mashine haiwaki. Je, vilivyokuwa kwenye diski ya zamani vimepotea?

Akacheka mpaka akavua miwani. Akasema hakuna kilichopotea. Mashine inaanzia kwenye diski ya zamani, na jirani ameifunga mdomo, basi. Vitu vyote vimo humo vimekaa kimya, vinangoja waya wao. Akanieleza tena polepole, kwa sababu nilikuwa nimekaa chini, sakafuni mwa ofisi yake, bila kukusudia.

Akafungua droo akanipa waya wa ziada. Akasema nimsalimie jirani, na nimwambie jirani aache kutafuna kazini, kuna chembe kwenye shati lake. Nikamshukuru kwa niaba yake.

Nyumbani nikarudisha waya wa zamani mahali pake, wa ziada nikautia kwenye diski mpya. Nikawasha. Ikaimba kale kawimbo kake. Sijawahi kuupenda wimbo kama ule. Nikafungua sauti ya kwanza, na baba mkwe akasema pale pale, kwa ukali, kwamba aliyeacha mlango wazi aufunge. Nikainuka nikaufunga. Nilikwenda uani nikashusha pumzi ya siku mbili.

Niliporudi mashine ilikuwa imezimika. Nikaiwasha. Ikaishi kidogo, ikazimika tena. Mara ya tatu hivyo hivyo. Kasha lilikuwa la moto kama pasi.

Mama watoto aliniuliza kutoka chumbani kama imeshaizoea. Nikasema bado wanasalimiana.

Ijumaa, 13 Juni

Nimesalitiwa, kisha nikaokolewa, na aliyenisaliti ndiye aliyeniokoa. Niandike kwa mpangilio.

Nilitoka kazini mapema, nia yangu ni kuipoza mashine kwa feni ya mezani, niielekeze hewa kutwa nzima, Jumamosi ipite salama. Nikamkuta Injinia sebuleni na mkoba wake wa vifaa. Mama watoto alikuwa amemwita bila kuniambia, kisha akaenda stendi kumpokea mama mkwe.

Nilijaribu kila njia. Nikamwambia umeme wa leo ni dhaifu. Nikamwambia mashine iko kwenye dhamana na mtu akiifungua tunanyimwa haki zetu. Akanikumbusha kwamba ni yeye aliyetuuzia, na kwamba dhamana iliisha tangu watoto wako chekechea. Nikakalia kasha. Akakaa kwenye kochi akafungua gazeti, akasema atangoja nichoke. Kasha lilikuwa na joto, maana alikuwa ameshaiwasha mashine kuijaribu. Nikachoka upesi.

Akafungua, upande wenyewe, mara ya kwanza. Kisha kwa vidole viwili akatoa ganda la plastiki lililokuwa limeanguka juu ya feni ya ndani. Akaeleza kwamba feni imezibwa, haizunguki, mashine inapata joto na kujizima isiungue. Akasema shukuru imejizima, ingekuwa ya ukoo mwingine ingeungua na kila kilichomo.

Halafu akalitoa lile boksi lililokunjwa. Akalikunjua. Akalisoma kwa sauti: Tangawizi, Ladha Maradufu. Akataka kujua ni kifaa gani.

Nikasema kinazuia mtetemo.

Akanusa. Akasema amefanya kazi hii miaka mingi na hajawahi kukutana na kizuia mtetemo chenye sukari juu yake. Kisha akanionyesha sisimizi wawili waliobaki, wanazunguka kwenye bati wakitafuta ajira.

Ikabidi nimsihi. Nilimwita shemeji wangu mpenzi, jina ambalo sikulitumia hata siku ya harusi. Akalifikiria jambo hilo huku anasafisha vumbi. Akasema hatasema neno, kwa sharti kwamba kesho, mbele ya mama yake, nitamke kwa kinywa changu kwamba fundi wa familia hii ni yeye. Nikakubali. Nilikufa kiofisa, bila kupiga kelele.

Haki yake nimpe, akiwa hanioni. Aliifunga diski mpya kwa vibao viwili vya chuma na skrubu nne, ikakaa kama imezaliwa mle. Akaitayarisha mpaka ikaonekana kwenye skrini, maana kumbe diski mpya haionekani mpaka itayarishwe. Na kabla ya kugusa lolote, kwanza alizinakili sauti zote za mzee kwenye flashi, kisha kwenye flashi ya pili, moja akaitia mfukoni mwake. Sasa mzee yuko mahali pengi. Hata mimi siwezi kumfuta.

Kifuniko cha mbele akakikaza. Hakibanduki tena kwa kidole. Nilijaribu alipokwenda kunawa.

Mama mkwe amefika salama. Amekuja na redio ya zamani ya marehemu, ile kubwa ya mbao, imefungwa kwenye shuka. Anasema nyumbani inamwangalia.

Jumamosi, 14 Juni

Mama watoto alikesha na kompyuta na asubuhi kila kitu kilikuwa tayari. Tulikaa sebuleni wanne: mama mkwe kwenye kiti cha mikono, mama watoto sakafuni miguuni pake, Injinia na mimi kwenye kochi, kila mmoja pembeni yake. Nikatimiza ahadi. Nikatamka kwamba fundi wa familia hii ni shemeji. Niliitamka haraka, lakini akanitaka nirudie, mama hakusikia.

Kisha mzee akaanza kusema.

Mwanzoni mama mkwe alishika mkono wa kiti kwa nguvu. Mzee alimkaripia yule wa mlango. Akaimba wimbo wa kazini. Akasema, Kijikooo, niletee maji, mwisho wa neno ameuvuta na kuupandisha kidogo, kama anauliza. Mama watoto aliweka paji la uso kwenye goti la mama yake akabaki hapo. Mimi nilitoa machozi na sioni sababu ya kuficha. Nilifikiria Jumatano, na ile skrini nyeusi. Nilitamani kwenda kumbusu mama wa mitambo kwenye miwani yake.

Halafu mzee akashusha sauti. Akamwambia binti yake kuna siri atamtolea, ila mama yake asijue hata akifa. Akasema tangu alipokatazwa vitamu amekuwa akificha pipi zake nyuma ya redio, ile ya mbao. Unafungua skrubu moja tu. Na mwanamke yule, mwerevu wa kila kitu, hajagundua mpaka leo.

Mama mkwe alicheka. Alicheka mpaka akashika mbavu, na machozi yakamtoka, na haikujulikana tena ni ya nini. Alipopata pumzi akasema aligundua wiki ya kwanza. Hakutaka kumfedhehesha, na hakutaka afe mapema. Kwa hiyo kila alipoficha, yeye alipita akatoa nusu. Mzee akawa anateta kila jioni kwamba wenye maduka siku hizi ni wezi, paketi hazijai.

Nami nikacheka sana. Nikapiga goti. Nikasema masikini mzee, alichezewa mchana kweupe.

Mama watoto akainua uso. Akaniuliza, kwa upole wote, kama kile kiwanda cha biskuti za tangawizi nimeshakiandikia barua.

Injinia akaanza kuitazama dari. Niliapa baadaye kwamba amemwaga siri, naye akaapa hakusema neno, na ni kweli hakusema. Mama watoto anajua tangu mwaka jana. Chembe kwenye kifuniko, akasema, na sisimizi; na ile barua kwa kiwanda huwa naitaja usingizini. Kila alipofuta vumbi alitoa nusu ya paketi akawapelekea wanafunzi wake wa darasa la tatu. Wananipenda sana wale watoto. Hunitumia salamu, na siku zote nilidhani ni kwa sababu ya sura yangu.

Nilitaka kukasirika, nikashindwa. Kumbe nidhamu yangu ni yeye. Sukari ilishuka kwa sababu nilikuwa nikila nusu. Nilimwambia asante. Akasema nisimshukuru, nikome. Nikasema nimekoma, mbele ya mama mkwe, mbele ya shemeji, mbele ya sauti ya mzee. Nilisema kwa moyo wangu wote. Sasa nalala, mwepesi kama mtu aliyetua gunia.

Jumapili, 15 Juni

Mama mkwe ameondoka na flashi yake kwenye mkoba, ameifunga kwenye leso mara mbili. Mlangoni alimkumbatia binti yake muda mrefu. Mimi alinipa mkono, kisha akanivuta akaniambia nimtunze mtoto wake. Anaonekana mwepesi kuliko alivyokuja.

Redio ametuachia. Amesema sauti ameshaipata, kwa hiyo redio ikae kwetu. Mama watoto ameiweka juu ya kabati la sebuleni.

Kompyuta inakwenda vizuri sana. Nafasi tele. Nimekaa mbele yake mchana mzima bila la kufanya, kifuniko kimekazwa, nikajiona mtu mpya.

Jioni niliangalia redio kwa ajili ya kumbukumbu tu. Mbao nzuri. Nyuma ina skrubu moja, kama mzee alivyosema. Ndani mna nafasi kubwa, pana kuliko ile ya kompyuta, na haina feni ya kuzibwa. Nikafikiri. Sehemu ambayo imeshatajwa hadharani, mbele ya familia nzima, ndiyo ambayo hakuna mwenye akili atakayeitumia. Kwa hiyo hakuna atakayeitazama. Mpango usio na kasoro. Nimeshangaa hakuna aliyeuwaza kabla yangu.

Nimetia paketi mbili.

Jumatatu, 16 Juni

Nimefungua redio baada ya kazi. Paketi moja imepungua nusu.

Sisimizi hawa wana akili kuliko nilivyodhani. Lazima wamenifuata kutoka kwenye kompyuta. Kesho nitaleta brashi kubwa zaidi.